Maziwa Mazito, Suti Kavu

Jumamosi, 12 Julai 2025

Nakufa. Si leo, maana leo kuna maharage ya nazi. Lakini karibu. Mchungaji Mbonile alipita jana, akaiangalia miguu yangu iliyovimba, akanishauri nitengeneze mambo yangu na Mungu. Nikamjibu kwamba nitaungama kwa maandishi. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa Bwana Mifugo wa serikali, na Bwana Mifugo huandika ripoti. Mungu ataisoma akipata nafasi.

Basi, ripoti ya leo. Nimecheuliwa.

Jumapili ya wiki ijayo anabatizwa wajina wangu. Ni kitukuu changu, mtoto wa kwanza wa mjukuu wangu Restuta, ambaye ndiye anayenitunza hapa Tunduma. Ataitwa Balthazar, kama mimi. Na kwetu Ikinga mwenye jina ndiye anayembeba mtoto hadi mbele kwa mchungaji. Hana mwakilishi. Kama hawezi kusimama, anabebwa yeye pamoja na mtoto. Hilo ndilo jambo moja ninalolitaka ambalo dunia bado haijaninyima. Nimbebe wajina, nimesimama kwa miguu yangu, ndani ya suti niliyostaafu nayo.

Leo nikaivaa kuijaribu. Inanipwaya, lakini suti ni suti. Nikamwomba Restuta anipe mtoto tufanye mazoezi. Alikuwa ametoka kunyonya. Akanitazama sana. Akafungua mdomo taratibu, kama mzee anayetaka kutoa neno kikaoni. Halafu akanimwagia maziwa kuanzia kola mpaka mfuko wa kalamu!

Restuta akacheka. Akaniambia pole mume wangu, huyu mume mwenzako naona hakutaki. Ferista akacheka zaidi, huku ameshika mlango asianguke.

Ferista ni mama yake Zabron, mume wa Restuta. Zabron yuko na lori, mara ya mwisho alipiga simu akiwa Kongo. Mama yake amepanda kutoka Kamsamba kuja kumlea mzazi, na amekuja na gunia la mchele na gunia la malalamiko. Baridi ya Tunduma inamtafuna mifupa. Vumbi la malori linamkaba. Kamsamba, anasema, hata mbu wana adabu.

Nikatangaza, kama mtaalamu, kwamba mtoto anaumwa. Restuta akasema haumwi. Walishamwuliza nesi Loisi kule zahanati, akawaeleza kwamba mlango wa juu wa tumbo lake bado mlegevu, utakaza wenyewe. Anyonye kidogo kidogo, mara nyingi. Akimaliza ashikwe wima, apigwepigwe mgongo mpaka abeue. Alazwe chali. Basi.

Basi? Hiyo ni tiba? Nikauliza kama hakuna dawa ya kuyafanya maziwa yawe mazito tumboni. Maana kitu chepesi hurudi, kizito hukaa. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua. Restuta akasema ipo, wapo watoto wachache wanaotiliwa kizito kwenye maziwa, lakini ni mpaka daktari aseme, na awafuatilie, kwa sababu mtoto mchanga anaweza kupaliwa au kufunga tumbo. Huyu wetu nesi amekataa. Ziwa la mama tu.

Hapo Ferista akaingilia. Kwa heshima zote, mkwe, kwao Kamsamba mtoto anayecheua hupewa maji ya mchele, kijiko kimoja, kimya. Nikamjibu, kwa heshima zote, mkwe, mchele ni chakula cha harusi. Kinachokaa tumboni ni ulezi wa Ikinga.

Restuta akasimama. Huyu msichana ana sauti ya marehemu bibi yake. Akasema atakayetia kitu chochote kwenye mdomo wa mtoto huyu, awe mkwe, awe babu, ubatizo atauona akiwa benchi la mwisho, na mtoto atabebwa na mama yake mwenyewe.

Nimekaa. Suti iko kwenye kamba. Inanuka kama kituo cha kukusanyia maziwa.


Jumapili, 13 Julai

Sikwenda kanisani. Miguu. Badala yake nimefikiri, na nimepata!

Restuta alisema kwenye mdomo wa mtoto. Hakusema kwenye mdomo wa mama.

Ng'ombe akila majani mabichi ya masika na kunywa maji bila mpaka, maziwa yake ni mepesi. Hili nimelisema kwenye mikutano ya wafugaji kutoka Galula mpaka Ziwa Rukwa. Kwa hiyo ukitaka ndama ashibe vizuri, humgusi ndama. Unamrekebisha ng'ombe.

Nimempigia simu Makene ili kujihakikishia. Makene ni mfugaji, Msukuma aliyehamia bondeni Momba na mifugo yake zamani, na ndiye mtu pekee aliyebaki anayeniita Bwana Mifugo. Nikamwuliza kuhusu uzito wa maziwa. Akathibitisha. Kiangazi, maji kidogo, nyasi kavu, maziwa yanakuwa kama uji. Akauliza ni ng'ombe gani huyo, wa kienyeji au wa kisasa. Nikasema wa kisasa. Akauliza ana tabia gani. Nikasema mkali kidogo, ana diploma.

Akasema Bwana Mifugo, pumzika. Simu ikakatika.

Mtandao wa simu huko bondeni ni mbovu sana.


Jumanne, 15 Julai

Naungama. Siku ya leo ina dhambi nyingi, nitaziandika kwa mpangilio ili Mungu asichanganyikiwe.

Mtaalamu haanzi tiba bila kipimo. Chini ya kitanda changu ninayo laktomita, kile kijiti cha kioo tunachokiacha kielee kwenye maziwa ili kujua kama mtu ameyatia maji. Niliondoka nayo kazini. Hiyo haihesabiki, nilisahau tu kuirudisha, na bado nasahau.

Asubuhi Restuta alikuwa amejaa, akakamua maziwa kwenye kikombe, akakifunika kwa sahani, akakiweka mezani na kwenda kumwogesha mtoto. Nikakichukua. Nikakipeleka dirishani kwenye mwanga. Nikatumbukiza laktomita.

Ikazama mpaka chini! Maji matupu! Nikatikisa kichwa kama nilivyokuwa nikitikisa kwa wachuuzi wa Vwawa.

Baadaye niliona kwamba kikombe ni kifupi kuliko laktomita, kwa hiyo haikuwa na pa kuelea, ingezama hata kwenye uji. Lakini wakati huo nilishatoa uamuzi, na ofisa habadilishi uamuzi kwa sababu ya kikombe.

Nikarudisha kikombe mezani, nikaenda kuficha laktomita. Niliporudi, Ferista alikuwa amekaa na chai yake. Amefunua kile kikombe. Anamimina.

Wote wanaojua desturi wanielewe. Yule ni mkwe. Kwetu mtu hampokonyi mkwe kikombe, hata kama ndani yake kuna nyoka. Na neno lenyewe lililotakiwa kusemwa halisemwi mbele ya mkwe. Nimtazame mama yake Zabron usoni nimwambie haya ni maziwa ya nani na yametoka wapi? Afadhali kufa. Nilifungua mdomo. Kikatoka kikohozi.

Ferista akasema pole na kikohozi, mkwe. Akanywa. Akanywa tena. Akasema siku zote analaumu maziwa ya Tunduma, lakini haya ya leo, haki ya Mungu, yana utamu fulani.

Restuta alipotoka bafuni akauliza kikombe kiko wapi. Nikasema paka.

Hatuna paka.


Jumatano, 16 Julai

Tiba imeanza.

Nimejiburuta jikoni mwenyewe, na fimbo. Nimepika uji wa ulezi. Nimeukoroga hadi mwiko ukasimama peke yake katikati ya sufuria, nikauachia, haukuanguka. Hiyo ndiyo alama. Nikampelekea Restuta.

Machozi yalimtoka. Akasema Babu, na hali yako hiyo, umenipikia uji? Nikasema mke wangu, nyonyesha kwa amani. Akala bakuli zima. Mwishoni ilibidi aukate.

Sehemu ya pili ya tiba ni maji. Jagi la maji linalokaa karibu na kitanda chake nimelihamisha. Sikulificha. Nimelihamishia chumbani kwangu, nyuma ya kabati, chini ya koti. Akiuliza, namletea kikombe kidogo cha kahawa na kumwambia maji ya bomba siku hizi si ya kuamini.

Mchana Ferista kuona nasifiwa, wivu ukampanda. Akapika bokoboko la mchele wa Kamsamba, zito, linavutika kama gundi ya fundi viatu. Akampelekea Restuta akisema mkweo asizidiwe na mwanamume. Nami jioni nikarudi na ugali wa ulezi. Yeye akajibu na wali uliokauka. Ameingia mashindanoni bila kujua ni mashindano ya nini. Nimepata msaidizi asiyelipwa.

Saa ya kunyonya nilikaa sebuleni, nikitega sikio. Mtoto akanyonya. Kimya. Kimya kirefu! Nikaanza kujipongeza.

Kisha nikasikia Restuta akisema "aah, mwanangu, hata shuka mpya?"

Dawa huchukua muda.


Alhamisi, 17 Julai

Mambo si mazuri.

Restuta hajaenda haja tangu jana asubuhi. Anazunguka uani ameshika ukuta, anapumua kama mtu anayesukuma lori lililokwama mpakani. Kichwa kinamgonga. Anasema ana kiu ambayo hajawahi kuiona. Maziwa yamepungua, na mtoto analia. Si kile kilio cha kudeka. Analia kwa hasira, anaachia ziwa, anarudi, anaachia.

Kile kilio kimeniingia mahali ambapo sikujua bado pana njia.

Ferista analalamika kwa sauti kwamba nyumba hii ina mkono wa mtu. Sikumjibu, kwa sababu mara hii alikuwa sahihi. Akataka kuchemsha maji ya mchele ampe mtoto, ashibe anyamaze. Restuta, huku ameshika ukuta, akamkumbusha kuhusu benchi la mwisho. Ferista akaniangalia mimi ili nimsaidie. Nikaangalia dari.

Nilipopata nafasi nikalitoa jagi nyuma ya kabati, nikalirudisha mahali pake. Restuta akaliona. Alikunywa lote amesimama. Kisha akaligeuza, akaokota kwenye kishikio uzi mmoja wa sufu ya koti langu, akaushika juu kwenye mwanga.

Akasema kesho tunakwenda zahanati. Wote. Na Babu unakuja.

Nikamwambia mimi ni mgonjwa wa kufa. Akasema ndiyo, utafia huko huko.


Ijumaa, 18 Julai

Naandika nikiwa nimeegemea mito mitatu kwa amri ya serikali. Nitaeleza.

Tumekwenda kwa bajaji ya Masudi, jirani yetu. Mimi katikati, Ferista kulia akiwa amejikunja ili bega lake lisiguse la mkwe, Restuta kushoto na mtoto. Kila tuta Restuta alitoa mlio. Masudi akauliza mama ameumia wapi. Sote tukatazama barabara.

Nesi Loisi ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kituo cha basi. Kwanza akamtundika mtoto kwenye mizani. Akaitazama, akaitazama na kadi. Akasema mtoto huyu anaongezeka vizuri kabisa, sasa aliyewaambia anaumwa nani? Mtoto anacheua kidogo na anacheka, huyo analeta kazi ya kufua nguo, si ya daktari. Leo analia kwa sababu ana njaa. Na ana njaa kwa sababu mama yake amekauka. Mama amekula nini?

Restuta akataja. Uji wa kukata. Bokoboko. Ugali wa ulezi. Wali mkavu. Na maji hakuna.

Nesi akaweka kalamu chini. Akauliza ni nani mwenye akili hizi.

Naungama kwamba nilitazama upande wa Ferista. Lakini Ferista alishanitazama mimi, na nesi akafuata macho yake. Ikabidi nieleze. Nikaeleza kitaalamu, tangu nyasi za masika hadi maziwa ya kiangazi. Wagonjwa wa kwenye benchi wakaacha kukohoa ili wasikie. Nilipofika kwenye laktomita, mama mmoja akafunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika.

Nesi akaniambia, "Babu, huyu si ng'ombe. Mama anaponyonyesha anakunywa maji. Mengi. Uzito wa uji wake haufiki kwenye ziwa, unaishia anakojua yeye leo." Na hata mngemtilia mtoto mwenyewe, akasema, mngemletea balaa. Kumpa mtoto mchanga unga nyumbani ni kumfanya apaliwe.

Nilikuwa na jibu zuri sana. Lakini koo lilikauka, nikaomba maji, wakanipa, nikanywa, nikapaliwa. Kikohozi kikanishika mpaka kofia ikaanguka. Nesi akaniangalia kwa namna mpya. Sikuipenda. Ndivyo nilivyokuwa nikiangalia ng'ombe ambaye mwenyewe anasema mzima.

Akaanza maswali. Nikinywa chai huwa napaliwa? Kila mtu hupaliwa. Nikilala baada ya kula, chakula hurudi kooni? Kinatembea tu. Kifua kinawaka? Kidogo, ni mapenzi. Restuta akajibu yote upya, kwa ukweli. Daktari mmoja kijana akaitwa, akasikiliza kifua changu, akanipa kijiko cha maji, akatazama koo, akazungumza na nesi pembeni.

Hukumu ikasomwa mbele ya benchi zima. Babu ale kidogo kidogo, mara nyingi. Akimaliza akae wima. Asilale na tumbo lililojaa, na kitandani aegemee mito mitatu. Na vinywaji vyake, chai, maji, maziwa, vyote vitiliwe kizito, viwe kama uji mwepesi, kwa sababu koo lake limechoka na vitu vyepesi vinakimbilia njia ya pumzi. Arudi apimwe zaidi.

Nesi akamalizia, huku akimrudishia Restuta mtoto na kumnywesha dawa ya kulainisha choo, kwamba dawa ya mazito mliyokuwa mnamtafutia mtoto, mwenyewe ni huyu hapa.

Benchi likacheka. Hata mtoto akatoa sauti.

Kwenye bajaji Restuta akatamka kwamba mimi sibebi mtu Jumapili. Ferista akasema kwa unyenyekevu wa uongo kwamba basi yeye, ingawa hastahili, yuko tayari. Damu ikanipanda. Heshima ya mkwe nikaiona ikidondoka nje ya bajaji, nikaiacha. Nikamwambia wewe nyamaza, wewe umekunywa chai ya maziwa ya mkweo Jumanne, na ukayasifu!

Masudi akakanyaga breki.

Ferista alishika kitambaa mdomoni mpaka nyumbani. Restuta ndiye aliyeanza. Alicheka akiwa ameuma kanga, akacheka akishika tumbo, akalia kwa maumivu ya kucheka, na dawa ya nesi nadhani ikapata njia hapo hapo, kwa sababu aliruka kutoka kwenye bajaji na kukimbilia uani.

Alirudi mtu mwingine. Mpole, mwepesi. Akakaa karibu yangu. Akasema Babu, kwa nini? Nikamwambia kweli, kwamba nataka nimbebe wajina mara moja, nikiwa mkavu, watu waone kwamba jina halijaangushwa. Basi.

Kisha akatoa sharti. Kesho na Jumapili asubuhi nifuate alivyosema nesi. Chai nzito tu. Sili maandazi. Sili kwa haraka. Nikitimiza, nambeba.

Nimeapa. Kwa jina la marehemu mke wangu nimeapa.


Jumamosi, 19 Julai

Chai nzito ni adhabu ambayo mitume hawakuiona.

Anayeitengeneza ni Ferista. Na anaikoroga na nini? Unga wa mchele! Wa Kamsamba! Anasimama mlangoni na mikono nyuma, hanisemeshi tangu jana, lakini haondoki mpaka nimeze. Naona wazi kwamba anafurahi. Chai inashuka polepole kama mkutano wa kijiji. Naungama kwamba sikupaliwa hata mara moja. Hiyo ni bahati.

Nimeomba angalau iwe ya ulezi. Restuta akasema kwanza utimize ya mchele.

Leo mtoto amenyonya vizuri. Restuta anakunywa maji kama ngamia. Baada ya kunyonya akamsimamisha begani, akampigapiga mgongo, mtoto akabeua kama dereva wa lori. Akacheua tone moja. Restuta akalifuta kwa kidole. Kazi imekwisha.

Inawezekanaje iwe rahisi hivyo? Nasema kuna jambo wananificha.

Suti imefuliwa na kupigwa pasi. Nimeigusa.


Jumapili, 20 Julai

Nimembeba.

Nianze hapo, kwa sababu ndilo lililo kubwa. Nimembeba wajina kutoka benchi la kwanza hadi mbele, na fimbo nikaiacha. Restuta alinishika kiwiko, Ferista alitembea nyuma yangu mikono tayari, lakini miguu ilikuwa yangu. Kwaya ikaimba. Yeye akanitazama njia nzima. Ni mzito kuliko nilivyofikiri.

Sasa yanayotangulia hayo. Asubuhi Ferista aliniletea chai yake ya gundi. Nikanywa kidogo. Nikawaza: mtu atasimamaje mbele ya kanisa zima bila nguvu? Wanawake wakaenda kuvaa. Chupa ya chai ya wageni ilikuwa mezani, nyepesi, ya moto, ya tangawizi. Maandazi chini ya kitambaa. Kiapo kwa marehemu nilikikumbuka. Lakini marehemu mwenyewe ndiye aliyenizoesha chai ya tangawizi. Nikanywa vikombe viwili. Maandazi sikuhesabu. Nilikula kwa haraka maana nilisikia viatu.

Kanisani mtoto alikuwa mfano. Amenyonya mapema, ameshikwa wima, amebeua. Gauni lake jeupe, kavu. Mchungaji Mbonile akauliza jina. Nikasema Balthazar, kwa sauti ambayo sikuwa nayo tangu nistaafu. Akaniambia niiname kidogo, mtoto asogee kwenye maji.

Nikainama.

Sitaki kueleza sana. Aliyewahi kuinamisha debe lililojaa anajua. Nilisikia tangawizi kwanza. Nikafunga mdomo. Kikaja kikohozi. Kikaufungua.

Nimemcheulia mtoto.

Kuanzia kola ya gauni mpaka soksi. Na sehemu ya mkono wa joho la mchungaji. Kwaya ilikata katikati ya neno. Wajina hakulia. Alinitazama bila kupepesa, chai ikimtiririka kidevuni, kama mtu aliyekuwa akijua siku hii itafika. Restuta akamfuta uso haraka. Mchungaji akakung'uta mkono, akasema "tuendelee," na akambatiza hivyo hivyo, akitumia maji mengi kuliko kawaida.

Kisha Ferista, mbele ya watu wote, akavuta kile kitambaa cha mtoto kilichokuwa begani mwa Restuta na kunifuta kidevu. Neno la kwanza kuniambia tangu Ijumaa: "Beua, mkwe."

Nikabeua. Akanipigapiga mgongo.

Picha imepigwa. Restuta aliwakatalia waliotaka kumchukua mtoto, akanirudishia mwenyewe mikononi, akiwa amefungwa kwenye kanga. Akasema ndiye mwenye jina, mwacheni.

Na kwa ajili ya kumbukumbu rasmi naandika: suti ilitoka kavu. Hata tone.


Jumatatu, 21 Julai

Nimechunguza tukio la jana kitaalamu. Hitimisho ni kwamba mtoto ameniambukiza. Mimi sikuwahi kucheua kabla hajazaliwa. Nimemweleza Restuta. Alitoka nje, nadhani kutafakari.

Ferista amenifunga kitambaa cha mtoto shingoni, kina picha ya bata. Ameniletea chai nzito na kusimama mlangoni. Alipoitwa na mtoto, nikaimwaga dirishani. Kuku wa jirani walikuja, wakaonja, wakaenda zao. Hapa chini ya koti ninayo chupa ya ile ya tangawizi. Naandika nikiwa nimelala chali, maana mito mitatu inaumiza shingo. Nakohoa kidogo. Ni vumbi la malori.

Wajina amelala chali hapa pembeni yangu. Ameniona nikikohoa, akacheua tone moja. Unaona? Bado anaumwa.

Kifo nimekiahirisha. Mtu hafi akiacha kazi nusu. Nimempigia Makene aniletee jiwe la chumvi, lile la kulambwa na ng'ombe, kubwa. Akauliza ni kwa yule wa diploma. Nikasema ndiyo. Akakata simu, lakini nitampigia tena jioni, mtandao ukitulia. Nitaliweka karibu na kitanda cha Restuta, na kitambaa cha kufuma juu yake.

Atadhani ni pambo.